Junipa Alipotulia

Junipa alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ukuta wa mawe, anausukuma, anausukuma, kama mtu anayetaka kuingia nyumba isiyo na mlango. Macho yalikuwa wazi lakini hayaoni. Nyuma yake, juu ya majani makavu niliyokuwa nimetandika mimi mwenyewe asubuhi hiyo, Mwangi alikuwa amepigishwa magoti, mikono imeshikwa nyuma, na hom gadi mmoja, askari wa kienyeji wa serikali, anamuuliza, “Umemtilia nini? Sema! Umemtilia nini?” Mwangi hakumtazama yule hom gadi, wala Bwana Pelling, Mzungu mwenye shamba, aliyesimama mlangoni na bunduki mkononi. Alikuwa anamtazama Junipa, yule farasi. Akasema, polepole, kama anajisemea, “Wekeni gunia hapo kwa ukuta, ataumia kichwa.” Ndipo rungu likamshukia begani, kisha shingoni, na akaanguka mbele kwa uso. Zakayo, nyapara wa shamba, alikuwa amechuchumaa karibu na ndoo ya chakula, ananusa kilichobaki. Aliinua kichwa, akasema, “Bwana, kwa hii ndoo iko kitu.” Wakamvuta Mwangi kwa miguu mpaka kwenye gari. Nilimwona akijaribu kugeuza shingo, atazame ndani ya stebo, nyumba ya farasi. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilimwona Mwangi, na mpaka leo sijui alikuwa anajaribu kuniambia jambo, au alikuwa anataka tu kuona kama kuna mtu ameweka gunia.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliyosoma ni ya kutosha kusoma kibao cha barabara na kuandika jina. Lakini juzi tulimzika Mama Wambui, mke wa Mwangi, kule Kuresoi, mvua inanyesha na udongo unatuteleza, na mtu aliyesimama kuomba juu ya kaburi lake alikuwa Zakayo. Ndiye yeye, si mwingine. Sasa ni mzee wa kanisa, ana shamba la viazi ambalo jicho halifiki mwisho wake, na watu wanamvulia kofia. Alisema, “Mama huyu amevumilia, sasa amepumzika.” Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nilirudi Section 58, mtaa wa Nakuru ninapokaa siku hizi, nikakaa kitandani na koti bado limelowa, nikajiuliza: alivumilia nini? Nani alimvumilisha? Na kwa nini mimi, niliyekuwepo, ninajua nusu ya habari tu, na aliye na ile nusu nyingine ndiye anayeshika Biblia? Kwa hivyo nimechukua kalamu. Atakayecheka mwandiko wangu acheke, lakini asome mpaka mwisho.

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu inawasaka Wakikuyu kwa ajili ya Mau Mau. Shamba la Pelling lilikuwa juu ya Njoro, upande wa kupandia Mau, baridi ya kukata masikio. Nilikuwa kijana wa mwili, sijaoa, nimepewa kazi ya usaisi, kutunza farasi, chini ya Mwangi kwa sababu saisi aliyenitangulia alikuwa ameondoka. Sikujua farasi. Kwetu tulijua ng'ombe. Siku ya kwanza nilipita nyuma ya farasi bila kusema neno, Mwangi akanivuta kwa shati, akasema, “Wee, unataka kwenda kwa Mungu na viatu? Farasi unamwambia hodi.” Basi nikawa nasema hodi. Watu wa maziwa walinicheka mpaka nikazoea. “Barasa, leo farasi wamesema karibu?” Nami nawajibu, “Wamesema karibu, lakini si kwa watu wananuka samli.”

Mwangi na Mama Wambui walikaa kwenye chumba kilichoshikana na stebo, ukuta mmoja, upande huu watu na upande ule farasi. Ukiwa ndani unasikia farasi wanavyotafuna, na ukinyamaza unasikia wanavyopumua. Chumba kilinuka ngozi ya matandiko, moshi, na watoto. Palikuwa na kitanda kimoja, sanduku, picha ya Yesu iliyokatwa kwenye kalenda, na meko ya mawe mlangoni. Mimi nilikuwa na kibanda changu, lakini chakula nilikula kwao. Mama Wambui alikuwa anapika mahindi na maharagwe, anaponda na viazi na majani ya malenge mpaka inakuwa kijani, anachimba shimo katikati anatia kijiko cha mafuta ya ng'ombe. Mimi nilikuwa nalalamika, “Mama Wambui, leo pia hakuna ugali?” Anasema, “Ugali kwenu. Hapa utakula ama utakula.” Wambui alikuwa mdogo, anakaa mapajani mwa baba yake, anatoa maharagwe kinywani mwake anamlisha. Mwangi anakula. Mimi nikatazama pembeni, kwa sababu kwetu mwanamume hangekubali. Siku hizi nikikumbuka lile jambo ndilo linaloniuma kuliko lile rungu lililomshukia.

Mwangi alikuwa amekaa Olenguruone kabla ya watu wake kufukuzwa huko. Hakuwa anazungumza habari hiyo, ila siku moja nilimsikia akimwambia mkewe kwa sauti ya chini, wakidhani niko nje, “Mahali pale walichoma hata choo.” Basi. Sikuuliza. Lakini kila mtu shambani alijua alikotoka, na mwaka ule, kutoka Olenguruone, kwa watu walioipinga serikali, ilikuwa kama kuwa na alama usoni. Zakayo alilijua vizuri zaidi, kwa sababu Zakayo ndiye aliyekuwa amesoma misheni, anasema Kizungu, anashika funguo za stoo, na kila jambo la watu lilipita kinywani mwake kabla ya kufika kwa Bwana.

Junipa aliletwa baada ya msimu wa baridi, kutoka shamba moja la Molo ambako mwenyewe alikuwa amekufa na farasi wake wakaachwa kondeni. Alikuwa jike, rangi ya udongo mwekundu, mrefu. Alishuka kwenye lori kama kitanda kilichovunjika. Mbavu unahesabu, nyonga zimetoka, shingo imekonda mpaka manyoya ya shingoni yanaangukia upande mmoja. Memsaab, mke wa Bwana Pelling, alilia. Aliweka mkono kwenye mgongo wa yule farasi, akatugeukia, “Mwangi, mimi nataka yeye nanona. Nanona sana. Kabla ya Krismasi mimi napanda yeye.” Mwangi akasema ndiyo Memsaab. Bwana Pelling alikuwa amesimama na kiko mdomoni. Alisema kwa Kizungu neno ambalo lilimfanya Memsaab aingie nyumbani kwa hasira. Zakayo, aliyekuwa pembeni, akatucheka: “Bwana anasema amenunua mifupa.”

Kosa la kwanza alifanya Memsaab mwenyewe, na sikasiriki juu yake, kwa sababu lilikuwa kosa la mtu anayependa. Alisema farasi apewe oti, ile nafaka wanayopewa farasi wa mashindano, na apewe nyingi. Mwangi akamwambia, “Memsaab, oti ina moto.” Memsaab akasema, “Moto mzuri, yeye iko baridi.” Basi tukampa oti. Kweli Junipa akaanza kuamka. Lakini aliamka kichwani kabla ya kuamka mwilini. Mbavu bado ziko, na tayari anapiga mlango mateke. Kuku akipita anaruka. Kivuli cha ndoo anaruka. Siku Memsaab alipompanda, hawakufika langoni. Junipa alisimama kwa miguu ya nyuma, akamtupa Memsaab kwenye ua wa mawaridi, kisha akakimbia mpaka kwenye ngano ya jirani. Memsaab alivunjika mfupa wa bega. Watu jikoni walisema mpishi alicheka mpaka akaficha uso kwenye unga. Lakini Bwana Pelling hakucheka. Alikuja stebo jioni hiyo, akasema maneno ambayo niliyasikia kwa masikio yangu mawili, wakati huo yote mawili yakisikia: “Mwangi. Hii farasi nanona polepole, na nakaa kimya. Kama yeye nafanya wazimu tena, mimi napiga yeye bunduki, na wewe naenda. Hapana kazi, hapana nyumba. Nasikia?”

Kwa hivyo jambo lilikuwa hilo. Farasi anenepe, lakini kwa utulivu. Asiponenepa ni makosa, akinenepa na moto ni makosa. Na kupoteza kazi mwaka ule hakukuwa kupoteza kazi tu. Mkikuyu aliyefukuzwa shambani hakuwa na mahali pa kusimama. Barabarani anakamatwa, mjini anakamatwa, akirudishwa kwao anakutana na waya wa miiba. Mama Wambui alijua hivyo. Kutoka siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kuwasha moto wake, alikuwa anachungulia stebo kwanza na kuuliza, “Ameamkaje?” Kama anauliza habari ya mgonjwa wa nyumbani.

Mwangi aliondoa oti yote. Alianza na majani makavu, mengi, mazuri, yale ya rangi ya kijani bado, na akayaweka mbele ya Junipa mchana kutwa. Alisema tumbo la farasi ni dogo lakini halipendi kukaa tupu. Kisha akaongeza yale majani ya maua ya zambarau tuliyoyaita lusani, mkono mmoja asubuhi na mkono mmoja jioni. Kisha pumba za ngano zilizoloweshwa kwa maji ya moto na chumvi kidogo. Na Memsaab, mkono umefungwa shingoni, alitoa mbegu za kitani kutoka mjini, ndogo, nyeusi, zinateleza kama chawa. Hizo Mwangi alizichemsha kwenye sufuria kubwa pale mekoni mpaka zinakuwa ute, anachanganya na pumba, anaonja kwa kidole, ndipo anampa. Watu wa shamba walipiga gumzo: “Mke wangu amejifungua anakunywa maji ya mboga, farasi anakunywa uji!” Mwangi anawajibu, “Mwambie mkeo abebe Memsaab mgongoni, naye atapikiwa.” Hakubadilisha kitu ghafla. Leo konzi hii, wiki nyingine konzi na nusu. Kila Jumapili, baada ya maombi, anaweka viganja kwenye mbavu za Junipa, anafumba macho, kisha ananiita: “Barasa, gusa. Kuna kitu kinakuja.” Mimi nikigusa sikuona kitu, lakini nilisema ndiyo.

Na kweli kilikuwa kinakuja. Manyoya yalianza kung'aa. Shingo ikajaza. Akawa ananining'inizia kichwa begani, na nilianza kumpenda, jambo ambalo sikulitegemea. Kama mambo yangeendelea hivyo mimi leo ningekuwa mtu mwingine.

Halafu mvua ikanyesha wakati wa kuvuna. Haikuwa mvua ya siku zake. Mahindi yalikuwa bado kwenye mabua, mengine yamerundikwa kondeni, na maji yakaingia. Wazee walisema hawajaona. Barabara ya Njoro ikawa matope, lori la vitu kutoka Nakuru halifiki, na mbegu za kitani zikaisha. Pumba zikaisha. Bwana Pelling alikuwa na haraka ya kuuza mahindi, kwa hivyo yakapukuchuliwa na kupitishwa kwenye chekecheke kubwa pale stoo. Kazi ilikwenda hivi: punje nzima, safi, zinaingia gunia la kuuza. Punje ndogo na zenye madoa, gunia la posho, yaani chakula chetu. Na zile zilizovunjika, chenga na vumbi lake, zinazoanguka chini ya chekecheke, hizo ni za mifugo. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Ng'ombe walikula chenga, nguruwe walikula chenga, hakuna aliyewahi kuuliza.

Zakayo alikuja stebo na gunia la chenga begani mwa mtu, akasema, “Bwana amesema farasi apewe hizi mpaka lori lifike. Mahindi yananenepesha na hayana wazimu.” Mwangi alifungua gunia, akatia mkono, akanusa. Nami nikanusa. Zilikuwa na harufu ya chumba kilichofungwa, na nyingine zilikuwa na rangi ya waridi hafifu, kama zimeguswa na damu iliyooshwa. Mama Wambui alikuja akatazama, akasema jambo ambalo kila mwanamke wa pale angesema: “Ni unyevu tu. Sisi zetu za posho ziko hivyo. Unaosha, unachemsha sana, moto unaua kila kitu.” Na ilikuwa kweli kwamba sisi tulikuwa tunakula mahindi ya mvua ileile. Tulichambua, tukaosha, zile zinazoelea tukazitupa, zilizobaki tukazipika muda mrefu, na tulikuwa wazima. Basi Mwangi akafanya kama alivyofanya mkewe. Alichemsha chenga kwenye sufuria ya kitani tangu asubuhi hadi mchana, akazipoza, akatia chumvi, akampa Junipa kidogo kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kumpikia mnyama kwa uangalifu kama ule. Mtu anayetaka kuua hachemshi.

Junipa alizipenda. Alilamba ndoo mpaka inalia. Na hapa ndipo kichwa changu kinaponivuruga, kila nikifika hapa. Kwa sababu zilifanya kazi. Alijaza. Na zaidi ya yote alitulia. Aliacha kupiga mlango. Kuku walipita chini ya tumbo lake, haruki. Alisimama tu, kichwa kimeinama, mdomo wa chini umelegea, kama mzee anayesinzia kanisani. Memsaab alikuja akampapasa, akasema, “Oh, Mwangi! Yeye iko kama malaika!” Akamletea Mwangi sweta ya kahawia ya Bwana, imetoboka kiwiko. Mwangi aliivaa siku ileile, na Mama Wambui akapika chapati. Tulikula tukacheka. Mimi nikasema, “Baba Wambui, sasa Bwana atakufanya nyapara.” Mwangi akasema, “Nyapara hapana. Nipewe tu barua kwamba niko na kazi.” Upande wa pili wa ukuta hatukusikia kutafuna. Nakumbuka kulikuwa kimya, na tukafurahia kile kimya. Utulivu tulioutafuta miezi yote ile, tulioulilia, ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe. Sikujua. Mwangi hakujua. Ningejuaje? Mtu ameomba mvua, ikinyesha ataiuliza imetoka wapi?

Siku chache baadaye akaanza kutembea akizunguka upande mmoja. Akaacha kumeza vizuri, chakula kinadondoka. Kisha asubuhi moja hakuona mlango, akagonga nguzo. Mwangi akanituma niende kumwita Bwana. Nilipokuwa nikirudi na Bwana na Zakayo na hom gadi wawili, ambao sielewi mpaka leo walikuwa wameitwa na nani, tukamkuta Junipa kwenye ukuta, na mengine nimeshayaeleza. Bwana aliuliza, “Chenga mbaya?” Zakayo ndiye aliyejibu. “Bwana, ng'ombe nakula hii hii. Nguruwe nakula. Watu nakula mahindi hii hii. Hapana mtu nakufa. Farasi peke yake nakufa. Na nani napikia farasi?” Hilo ndilo jambo la kuchanganya. Maneno yake yalikuwa na akili. Hata mimi, Mungu anisamehe mawazo, kwa kitambo kidogo nilitazama ile ndoo.

Junipa alikufa kabla ya adhuhuri. Siku iliyofuata daktari wa mifugo alifika kutoka Nakuru, Mzungu mzee mwenye miguu myembamba, gari lake limejaa matope. Mwangi wakati huo alikuwa bado hapo Njoro, kwenye seli ya polisi, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Nataka hilo likumbukwe. Hajapelekwa popote. Daktari aliniambia nishike kichwa cha Junipa, akakipasua kwa msumeno. Ndani, upande mmoja, ubongo ulikuwa umeyeyuka, umekuwa maji ya manjano na shimo. Daktari hakushangaa. Aliosha mikono, akasema aonyeshwe chakula. Zakayo akampeleka stoo. Niliwafuata nikibeba maji. Daktari alichukua konzi ya chenga, akaisugua kiganjani, akaipuliza, akanusa, akamtazama Bwana Pelling kwa jicho la mwalimu. Kisha wakakaa barazani kunywa chai, na Zakayo amesimama hapo karibu na ngazi, kofia mkononi, akisubiri amri. Mimi nilikuwa chini, nikifua gunia lililoshika damu. Waliongea kwa muda. Daktari aliongea zaidi, Bwana akajibu kidogo. Memsaab alitoka, akasikia, akaweka mkono kinywani, akamwambia Bwana jambo kwa sauti ya juu, na Bwana akamjibu kwa sauti ya juu zaidi. Mimi Kizungu sikuwa nacho. Nilielewa tu kwamba hakuna aliyetaja jina la Mwangi.

Zakayo aliposhuka nilimfuata. “Bwana nyapara, daktari amesemaje?”

“Si maneno ya saisi.”

“Lakini Mwangi atatoka?”

Aliangalia huku na huku. Alikuwa kijana bado, Zakayo, ana uso laini. Alisema, “Barasa, wewe si mtu wa hapa, usijitie kwenye moto usio wako.” Kisha akaita vijana, wakatoa magunia yote ya chenga yaliyobaki kule stebo, wakayachoma nyuma ya stoo. Ya ng'ombe hayakuchomwa. Ng'ombe waliendelea kula. Nilisimama nikatazama ule moto na sikuelewa kwa nini chakula kizuri kinachomwa, na kama ni kibaya, kwa nini mtu amefungwa.

Baadaye hom gadi walikuja kunichukua mimi, wakanipeleka kituoni Njoro. Walitaka niseme nilimwona Mwangi akitia kitu kwenye ndoo, majani, unga, chochote. Nilisema nilimwona akitia chumvi. Wakasema, “Umeona! Ulijuaje ni chumvi?” Nikasema nilionja. Walinipiga upande huu wa kichwa kwa kitako cha bunduki, na tangu wakati huo sikio la kushoto lina mlio kama wa mbu asiyetua. Waliponitupa nje, Mwangi alikuwa ameshapelekwa kambi ya kizuizini, na karani wa pale akaniambia kambi gani si kazi yangu. Nilirudi shambani nikakuta chumba cha karibu na stebo kimefungwa kwa mbao. Mama Wambui na watoto walikuwa wametolewa na sanduku lao barabarani. Aliniuliza swali moja tu: “Wamesema ni nini kilimuua farasi?”

Alimtafuta mumewe mpaka uhuru ukaja. Kambi zikafunguliwa, watu wakarudi, wengine vichaa, wengine viwete, lakini walirudi. Mwangi hakurudi, na hakuna aliyesema amemwona akifa. Pelling aliuza shamba akaenda zake ng'ambo na Memsaab wake, na kama bado yuko hai sijui anapokula. Mimi nilifanya vibarua huku na huku, na ni miaka mingi baadaye, nikiwa mlinzi mahali pa mifugo mjini, ndipo nilimsimulia kijana mmoja daktari, Mwafrika mwenzetu, habari ya farasi aliyesukuma ukuta. Hakuniacha nimalize. “Mzee, hayo ni mahindi yenye ukungu. Ng'ombe anaweza, farasi hawezi. Na hata ukichemsha siku nzima, sumu haitoki. Inakaa zaidi kwenye zile zilizovunjika.” Nikamuuliza, madaktari wa Kizungu walijua wakati ule? Akasema, “Kwenye vitabu imo zamani.” Nikakaa chini pale getini. Kumbe hakukuwa na mkosaji mpaka siku ile ya chai barazani. Memsaab alipenda, Pelling alibana matumizi, Mama Wambui alishauri kama mama, Mwangi alipika. Watu wote walikosea kama watu wanavyokosea. Lakini baada ya chai ile, kuna waliojua, na aliyejua kwa lugha zote mbili alikuwa mmoja.

Sasa kule Kuresoi, baada ya mazishi, nilimngoja Zakayo akiwa ananawa mikono kabla ya chakula. Nikamwambia, “Mzee Zakayo, mimi ni Barasa wa farasi.” Alinikumbuka, nikaona anakumbuka. Nikamuuliza, daktari alisema nini barazani? Akachukua taulo, akajifuta kidole kimoja kimoja. “Barasa, hayo ni mambo ya mkoloni. Tuliyasamehe. Kula, ndugu yangu, umetoka mbali.” Nikamwambia mimi sikuja kula. Akaniwekea mkono begani mbele ya watu, kama mchungaji, akasema, “Mungu akupe amani.” Watu wakaniona mimi ndiye mlevi.

Siitaki amani yake. Huenda ninakosea, Zakayo. Huenda daktari alizungumza habari ya mvua na bei ya ngano tu, na wewe ukachoma magunia kwa sababu zako. Huenda ulimwambia Pelling akamwachilie Mwangi, akakataa, nawe ukaogopa, kama sisi sote tulivyoogopa. Kama ni hivyo, sema ni hivyo, nami nitakuomba msamaha mbele ya kanisa lako. Lakini ukisema umesamehe, nionyeshe mtu aliyekukosea. Pelling ameondoka. Daktari yule mzee bila shaka amekufa. Mama Wambui amekufa akidhani moto aliomwambia mumewe awashe haukutosha. Umebaki wewe. Wambui yuko hapohapo Kuresoi, amepakana na viazi vyako, ana watoto wanaokuita babu. Vuka mtaro, uingie nyumbani kwake mchana, watu wakiona, ukae kwenye kiti, umwambie kwa Kiswahili yale uliyoyasikia kwa Kizungu, na umwambie ni kwa nini ulipoyasikia, baba yake akiwa bado selini Njoro, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, hukwenda.